Masuali 40 ya baraza: kutunga na kuendesha chemshabongo isiyoishia kwa ugomvi

"Seyyid Said alihamia Zanzibar mwaka gani?" Timu moja itaandika 1832, nyengine 1840, na kila moja ina kitabu cha skuli cha kuiunga mkono. Msomaji ana mwaka mmoja tu kwenye karatasi yake. Kahawa inapoa, sauti zinapanda, na duru ya historia inaishia hapo.

Wabishi watalaumiwa, lakini mwenye kosa ni aliyetunga. Sultani yule alikuja, akajenga Mtoni, akawa anakwenda Maskati na kurudi kwa miaka. Kuhama kwake hakukuwa jambo la siku moja, kwa hiyo hakuna mwaka mmoja wa kujibu. Habari ile ile ina suali zuri ndani yake: "Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirudi Zanzibar. Mtoto wake yupi alitawala Zanzibar baada yake?" Jibu ni Majid bin Said. Thuwaini alibaki na Oman, na hapo hakuna wa kubisha.

Mengi yaliyo hapa chini yanatokana na jambo hilo moja. Ugomvi wa chemshabongo huzaliwa mezani kwa mtungaji siku tatu kabla, ila husikika usiku wa mchezo.

Ukubwa, muda na vifaa

Timu sita za watu wanne wanne zinatosha baraza la mtaa au ukumbi wa skuli. Ukiweka watano, mmoja atakaa akila kashata tu. Ukiweka watatu, timu isiyo na mpenzi wa filamu itakufa duru nzima.

Tunga masuali 40 katika duru nne za kumi kumi: historia, jiografia, filamu, riwaya na hadithi. Kusoma suali mara mbili ni kama sekunde 20, kuandika 40, kwa hiyo kila suali linakula dakika moja. Duru ni dakika 10, kuyapitia tena masuali yote kwa haraka ni dakika 2, kusahihisha na kutangaza majibu ni dakika 6. Hizo ni 18, na mara nne ni 72. Ongeza mapumziko ya kahawa dakika 15 baada ya duru ya pili. Mwezi wa Ramadhani, ukianza saa nne kasorobo baada ya tarawehe, saa tano na robo watu wanatawanyika na daku bado iko mbali.

Majibu yaandikwe. Mtindo wa kunyoosha mkono una raha kwa dakika kumi za kwanza, kisha anayejua na mwenye sauti kubwa wanageuka kuwa mtu mmoja, na mabinti waliokuja kucheza wananyamaza. Karatasi inampa nafasi hata yule mpole anayemnong'oneza mwenzake jibu.

Karatasi moja ya A4 kata vipande vinne. Timu sita kwa duru nne ni vipande 24, yaani karatasi sita. Kata nane, kwani kuna watakaomwagia kahawa. Kila kipande kiwe na nambari 1 hadi 10, jina la timu na nambari ya duru juu. Kalamu chukua nane. Ubao na chaki kwa alama, saa yenye mshale wa sekunde, na tochi mbili. Umeme ukikatika, mchezo wa karatasi unaendelea. Uliotegemea televisheni umekwisha, na hii ndiyo sababu picha za kuonesha ukutani zisizidi suali moja au mawili.

Watu wa kazi ni watatu: msomaji, mshika saa ambaye pia anaandika alama ubaoni, na mwamuzi. Mwamuzi asiwe mtungaji. Aliyetunga suali hulitetea kama mwanawe.

Anza na jibu, kisha tafuta suali

Wengi hutunga kwa kuwaza suali, halafu wanakwenda kutafuta jibu. Fanya kinyume chake. Chukua jibu fupi ambalo una hakika nalo (jina la mtu, nchi, kitabu) kisha jenga suali ambalo haliwezi kufika kwengine isipokuwa hapo.

Tuchukue tukio ambalo kila mtu wa Mjini amelisikia. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda hadi asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipokwisha wakapiga mizinga kutoka baharini, na haikufika hata saa moja kasri imevunjika na Khalid amekimbia.

Suali linalomjia kila mtu kwanza ni hili: "Vita vifupi kuliko vyote duniani vilidumu dakika ngapi?" Kuna kitabu kinachosema 38, kuna cha 40, kuna cha 45. Inategemea umeanza kuhesabu wapi na umesimama wapi. Litupe.

Jaribio la pili: "Khalid alikimbilia wapi?" Linaonekana zuri mpaka uyaone majibu: "ubalozini", "kwa Wajerumani", "Dar es Salaam". Yote matatu ni kweli, kwani kutoka ubalozini alipelekwa Dar es Salaam. Neno "wapi" ni pana mno. Vivyo hivyo "nini" na "vipi". Tumia "nchi gani", "mji gani", "mtu gani", "riwaya ipi".

La tatu: "Agosti 1896, mizinga ya Waingereza ilipopiga kasri ya Zanzibar, Khalid bin Barghash alikimbilia ubalozi mdogo wa nchi gani?" Ujerumani. Neno moja, na tarehe iko ndani ya suali kumsaidia asiyejua vizuri.

Tukio hilo hilo lina masuali mengine mawili. Rahisi: Zanzibar ilipigana na nchi gani? Gumu: baada ya Khalid kukimbia, Waingereza walimtawaza nani? Hamoud bin Mohammed. Sasa una ngazi tatu. Tumia moja usiku mmoja, nyengine weka akiba.

Kuna mtego ndani ya tukio hili unaowanasa wanaochukua habari kwenye mitandao ya Kiingereza. Mizinga ilianza 9:02 asubuhi, na wapo wanaoandika "saa tisa na dakika mbili". Ni saa tatu na dakika mbili. Kila saa unayoitoa kwenye maandishi ya kigeni igeuze kwanza.

Majibu yanayooza

Kuna masuali yaliyokuwa sahihi siku yalipotungwa. Daftari la zamani la maalim fulani huwa limejaa haya. Wilaya za Zanzibar zilikuwa kumi; Magharibi ilipogawiwa A na B zikawa 11. Mikoa imebaki mitano. Mji mkuu wa Burundi ulikuwa Bujumbura, sasa makao makuu ya kisiasa ni Gitega. Swaziland ni Eswatini tangu 2018. Mji mkuu wa Kazakhstan ulikuwa Astana, ukabadilishwa kuwa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudi Astana 2022, hivyo hata kitabu kipya kinaweza kuwa kimekosea huku cha zamani kikawa sahihi. China iliongoza kwa watu kwa miaka mingi mpaka 2023 India ilipoipita. Mlima Everest wengi tulisomeshwa kuwa ni mita 8,848. Kipimo kilichotangazwa 2020 ni 8,848.86, na vitabu vipya vinaandika 8,849.

Dawa ni kutia mwaka ndani ya suali. "Kwa sensa ya 2022, Zanzibar ilikuwa na watu wangapi?" haliozi. Jibu lake ni 1,889,773 leo na miaka 30 ijayo. "Zanzibar ina watu wangapi?" limeoza kabla hujamaliza kulisoma.

Jihadhari pia na "wa kwanza", "mrefu kuliko yote", "mkubwa kuliko yote". Nile na Amazon bado wanagombaniwa na wapimaji. Eneo la Unguja kwa kilomita za mraba linatofautiana kitabu na kitabu. Mambo haya usiyaulize kabisa, au uliza kitu kinachopimika bila utata. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, likiwa na mita 1,470. Je, la kwanza ni lipi? Baikal, lililoko Urusi. Hapo wapimaji wote wanakubaliana.

Majina nayo ni shimo, na kwetu zaidi. Timu ikiandika "Karume" imemaanisha Abeid Amani Karume au Amani Abeid Karume, baba au mwana? Wote wawili walikuwa marais wa Zanzibar. "Mwinyi" ni Ali Hassan au Hussein? "Barghash" ni Barghash bin Said au mwanawe Khalid? Kwa watu wa nje jina la mwisho linatosha: Spielberg, Doyle, Christie. Kwa hawa wetu, tangaza mapema kuwa jina kamili linahitajika. Na timu ikiandika jina la kwanza lisilo lake pamoja na la mwisho lililo sahihi, imekosa. Kuandika kidogo kuna usalama wake, ila akishaandika basi achukuliwe kwa alichoandika.

Hata neno "Zanzibar" lenyewe lina uzito tofauti. Mtu wa Wete akisikia "kisiwa cha Zanzibar" atakuuliza kipi. Andika Unguja unapokusudia Unguja. Na mwaka, sema ni wa Miladia au wa Hijria. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yana mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia. Suali lisilosema kalenda litazaa majibu mawili ya haki.

Duru ya historia

Changanya nyumbani na nje, nusu kwa nusu. Wasikilizaji hupenda kuulizwa yao, lakini timu yenye mzee mmoja aliyesoma sana haipaswi kuchukua alama kumi zote kwa sababu yake.

Masuali mazuri ya nyumbani ni yale ambayo jibu la haraka ni kosa. "Rais gani wa Zanzibar alikuja kuwa Rais wa Tanzania?" Vijana wengi wataandika Samia. Ametoka Zanzibar, ndiyo, lakini hakuwahi kuwa Rais wa Zanzibar. Jibu ni Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza Zanzibar 1984 hadi 1985. "Baina ya Uhuru wa Disemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964 zilipita siku ngapi?" Hilo ni la kukokotoa: kutoka tarehe 10 hadi tarehe 12 ya mwezi wa pili yake ni siku 33. Masuali ya kukokotoa yawe mawili tu kwa usiku, na uyape sekunde 20 za ziada.

Michezo ina historia yake. Zanzibar ilichukua Kombe la CECAFA mwaka 1995. Mwaka 2017 ikakubaliwa kuwa mwanachama wa CAF mwezi Machi, ikaondolewa Julai, miezi minne tu. "Uanachama huo ulidumu miezi mingapi?" ni suali ambalo hata wasiosoma historia wanalijibu kwa uchungu.

Vyama vya siasa viacheni. Si kwa kuogopa. Ni kwamba suali la chama hakuna atakayelipokea kama suali.

Duru ya jiografia

Hapa uvivu wa watungaji huonekana waziwazi. Miji mikuu kumi mfululizo si duru, ni mtihani wa darasa la tano. Weka miwili, na yote iwe ile inayowachanganya watu: Canberra ya Australia, ambapo wengi huandika Sydney, Brasília, ambayo imekuwa mji mkuu wa Brazil tangu 1960, wakati wengi bado wako Rio de Janeiro.

Yanayobaki yafuate bahari yetu. "Pemba, Waarabu waliiita kisiwa cha rangi gani?" Kijani, al-Jazira al-Khadra. "Katika visiwa vya Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore, kipi kilibaki na Ufaransa Komoro ilipopata uhuru 1975?" Maore, ambacho ramani nyingi zinaandika Mayotte, kubali yote mawili. "Bandari gani iliyoko Pakistan ilikuwa mali ya Oman mpaka 1958?" Gwadar. Hili la mwisho ni gumu, lakini kwa kuwa kila familia ya pili ina jamaa Maskati, huwa kuna mtu mmoja analijua, na furaha yake inatosha kuuamsha ukumbi.

Mawili ya dunia yasiyo na ubishi: mto mkubwa unaokatiza ikweta mara mbili ni Kongo, na nchi ya Afrika iliyozungukwa pande zote na nchi moja tu ni Lesotho.

Duru ya filamu

Filamu huleta kosa la mwaka. Filamu hutoka mwaka huu, tuzo za Oscar zake hutolewa mwaka unaofuata. Titanic ilitoka 1997 ikachukua Oscar 11 mwaka 1998. Ukiuliza "Titanic ni ya mwaka gani?" utapata 1997, 1998, na timu moja itaandika 1912, mwaka iliozama meli yenyewe. Kila mmoja ana haki. Andika "filamu ya Titanic ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka gani", au afadhali uachane na miaka kabisa na uulize: "Taja moja ya filamu mbili nyengine zilizofikia Oscar 11." Ben-Hur, au ya tatu ya Lord of the Rings. Wakikwambia tu "Lord of the Rings", amua kabla ya mchezo kama utakubali. Sisi tungekubali.

Usijaze Hollywood. Mji uliokulia katika majumba ya sinema ya Majestic, Empire na Cine Afrique uliwaona Wahindi kabla ya wengine wote, na mama zetu wanazijua nyimbo kwa moyo. "Gabbar Singh ni adui katika filamu ipi ya 1975?" Sholay. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya papa, Jaws ya Steven Spielberg, ambayo jina lake limeng'ang'ania kona moja ya Mji Mkongwe mpaka leo. "Jaws Corner imechukua jina lake kutoka filamu ya mwongozaji gani?" ni suali ambalo watu wanapita juu yake kila siku.

Jengine la hapa hapa: "Mwigizaji gani alipata Oscar kwa kumuigiza mwanamuziki aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946?" Rami Malek, kwa Freddie Mercury. Zingatia suali limejengwa vipi: halimtaji Freddie, kwa hiyo timu inapanda ngazi mbili, na asiyejua ngazi ya kwanza bado anaweza kubahatisha ya pili.

Ukiweka suali la sauti, kata sekunde 15 za wimbo, ziweke kwenye simu moja yenye chaji kamili, na ujaribu spika ukumbini kabla watu hawajafika. Sehemu inayotaja jina la filamu ndani ya wimbo iruke. Linasikika jambo dogo, lakini ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Riwaya na hadithi

Duru hii ndiyo tamu na ndiyo inayotungwa vibaya, kwa sababu mtungaji huogopa kuwa watu hawasomi. Wanasoma, wanasahau majina tu. Basi uliza wahusika, kwani mhusika hukaa kichwani muda mrefu kuliko mwandishi.

Mfano wa suali la kuoanisha: "Sherlock Holmes ana Dk. Watson. Bwana Msa ana nani?" Najum. Mtu yeyote aliyepitia riwaya za Muhammed Said Abdulla skuli atalikumbuka jina hilo ghafla, na utaona uso wake. Ngazi ya juu: Bwana Msa alianza katika riwaya ipi? Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Holmes mwenyewe alianza 1887.

Adam Shafi anatoa masuali mawili bila jasho. Kuli imejengwa juu ya mgomo wa bandarini wa mwaka upi? 1948. Riwaya yake ipi iligeuzwa filamu na Amil Shivji, ikaoneshwa Toronto 2021? Vuta N'kuvute. Kwa Pemba usimsahau Said Ahmed Mohamed: ukiendesha mchezo Chake Chake bila ya Utengano, utaulizwa.

Abdulrazak Gurnah na Nobel ya 2021 kila mtu anajua, kwa hiyo liwe suali la kwanza, la kuwapa moyo. Gumu lake: riwaya yake ipi ilifika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994? Paradise. Tafsiri ya Kiswahili inaitwa Peponi, kubali yoyote.

Kisha mitego ya kufurahisha. Frankenstein ni jina la nani katika riwaya ya Mary Shelley, mwanasayansi au zimwi? Ni la aliyeliumba. Zimwi halikupewa jina. Aladini wa taa anaishi nchi gani katika hadithi yenyewe? China. Hapa ukumbi utapiga kelele, kwani filamu nyingi zimempeleka Uarabuni, hivyo andaa sentensi moja ya kueleza: hadithi iliingizwa katika Alfu Lela Ulela na Mfaransa Galland, aliyeisikia kwa Msyria Hanna Diyab. Na moja ambalo watu wa Unguja hawalitegemei: Jules Verne, katika riwaya yake ya 1863 kuhusu wiki tano ndani ya puto, aliwarusha wasafiri wake kutoka visiwa gani? Zanzibar.

Kupima ugumu

Katika kila duru ya kumi, matatu yajibiwe na karibu timu zote, matano na nusu yao, mawili na timu moja au mbili. Huwezi kujua hili kwa kukisia. Wape masuali watu wawili wasiocheza, mmoja msomaji na mmoja wa kawaida, mmoja mmoja, siku mbili kabla. Waliyoyapata wote wawili ni mepesi. Waliyoyakosa wote wawili yasizidi mawili kwa duru. Na kila mahali mmoja wao atakapouliza "una maana gani?", andika upya suali hapo hapo.

Anza duru kwa jepesi na umalize kwa la kati. Gumu kabisa liwe la saba au la nane. Likiwa la kumi, timu zinakwenda kusahihisha zimenuna.

Usiku wenyewe

Simu zote kwenye pakacha moja mbele ya mwamuzi, ikiwemo ya msomaji.

Msomaji aseme nambari, asome, anyamaze sekunde tano, asome tena neno kwa neno bila kubadilisha. Anayefafanua kwa maneno yake huishia kulitoa jibu au kulipotosha. Jina la kigeni ndani ya suali liandikwe ubaoni. Katika majibu, tahajia isihesabiwe: "Spilbagi" ni Spielberg, almuradi ukilisoma kwa sauti linakuja jina lile lile na si la mtu mwengine.

Karatasi zisahihishwe na timu ya jirani, zizunguke upande mmoja duru ya kwanza na upande wa pili duru inayofuata, ili mahasimu wawili wasisahihishane usiku kucha. Alama ni moja kwa jibu. Nusu nusu zikatae, ila suali likiwa limetaka vitu viwili.

Ukitaka kuongeza chumvi, ruhusu turufu: kila timu inachagua duru moja ambayo alama zake zitazidishwa mara mbili. Itangazwe kabla ya duru ya kwanza, iandikwe ubaoni. Ikitangazwa katikati, timu husubiri ione mambo yanavyokwenda, na haiwi turufu tena.

Rufaa ni moja kwa timu kwa kila duru, iletwe kabla ya suali la kwanza la duru inayofuata. Mwamuzi ana dakika moja na njia tatu: jibu libaki, majibu mawili yakubaliwe, au suali lifutwe kwa wote na lisomwe la akiba. Kwa hiyo kila duru iwe na akiba mawili. Baada ya dakika hiyo mjadala uhamie kwenye kahawa.

Timu mbili zikilingana mwisho, usiulize suali jengine la kujua au kutojua. Zote zinaweza kujua. Uliza nambari, na aliye karibu zaidi ashinde. Idadi ya watu ya sensa ya 2022 inafaa sana hapa, kwani hakuna anayeijua hesabu ile mpaka mtu wa mwisho. Kila timu iandike kimya, karatasi zifunguliwe pamoja.

Zawadi iwe kitu kinachogawika kwa wanne: kilo nne za sukari, maboksi manne ya tende, au sinia moja la biriani lililokwisha pikwa. Karatasi za masuali zitie tarehe uziweke kabatini, na lile lililofutwa kwa rufaa liandikie pembeni sababu yake kwa wino mwekundu.